Sina mshahara, Mheshimiwa

Anayefuatilia mashauri ya matunzo ya watoto huku Ufipa, mkoani Rukwa, atalisikia jibu hili mpaka alizoee. Hakimu anamuuliza baba, "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Baba anajibu, "Mimi ni mkulima tu, Mheshimiwa, sina mshahara." Hajadanganya. Mkulima wa Msanzi hasubiri ujumbe wa benki mwisho wa mwezi. Ila swali lenyewe limekaa vibaya, na swali likikaa vibaya hata jibu la kweli halimfai mtoto. Kinachofuata huwa ni kukisia. Mama anataja laki moja na nusu, baba anataja elfu ishirini, na kiasi kinaangukia mahali fulani katikati, elfu arobaini au hamsini, bila mtu kushika kalamu akaonyesha kimepatikanaje. Leo nataka tuishike hiyo kalamu.

Sheria haikuacha pengo kubwa kama watu wanavyodhani. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaitaka mahakama, inapotoa amri ya matunzo, itazame kipato na mali za wazazi wote wawili au za yule anayewajibika kisheria. Jambo lolote lililopunguza uwezo wake wa kujipatia kipato. Mzigo alionao wa kutunza watoto wengine. Gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Na haki za mtoto chini ya sheria hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 129, inamtaka baba awape watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake na hadhi yake katika maisha, au alipie gharama za vitu hivyo. Jukumu linamwangukia mama ikiwa baba amefariki, hajulikani alipo, au kwa kiasi kile ambacho baba hakiwezi.

Hakuna asilimia iliyotajwa hapo. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba kipato lazima kiwe cha mwezi. Nalo tuliseme mapema, kwa kuwa Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi na wanandoa wengi hutengana bila kufikiria talaka: matunzo hayasubiri ndoa ivunjwe. Waliotengana tu, hata wasiowahi kuoana, wote wanawajibika kwa mtoto.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya 2009 mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa na sheria yake, tuliyoirithi kwa wakoloni, nayo iliweka kikomo: baba asiamriwe kulipa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Ilipotungwa, shilingi 100 ilikuwa fedha ya kueleweka. Shilingi ikashuka thamani mwaka baada ya mwaka, kikomo kikabaki palepale, na Sheria ya Mtoto ilipokuja kuifuta kiasi hicho hakikutosha hata nauli ya daladala Dar es Salaam. Huwa naikumbuka sheria ile kila nikisikia mtu anadai serikali itangaze kiwango kimoja cha matunzo kwa nchi nzima. Kiwango cha tarakimu huzeeka haraka kuliko mtoto.

Wenzetu wa nje wameikwepa kasoro hiyo kwa kutumia asilimia. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani huanzia asilimia 17 ya kipato cha mzazi anayelipa ikiwa mtoto ni mmoja, 25 wakiwa wawili, 29 wakiwa watatu. Uingereza, wakala wa serikali huchukua kipato cha mzazi kabla ya kodi kutoka kwenye kumbukumbu za mamlaka ya kodi, halafu katika pauni 800 za kwanza za wiki hudai asilimia 12 kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, na 19 kwa watatu au zaidi. Wajerumani wana jedwali lililoanzia Düsseldorf mwaka 1962, ambalo majaji hulifungua na kusoma umri wa mtoto upande mmoja na kipato cha mzazi upande wa pili. Ni kazi ya dakika chache.

Lakini mifumo hiyo yote inasimama juu ya sharti moja: awepo mtu mwingine, asiye baba wala mama, anayejua baba anapata nini. Kwao mtu huyo ni mamlaka ya kodi. Kwetu mamlaka hiyo, TRA, haimjui mkulima wa Msanzi, na hata mwenye duka dogo pale senta, ikiwa mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, hatozwi kodi ya mapato. Ukikokotoa asilimia 17 ya kitu usichokijua unapata kitu kingine usichokijua. Ndiyo maana sioni haraka ya kuazima jedwali la mtu. Kazi yetu iko hatua moja nyuma: kukijua kipato chenyewe.

Basi tuchukue baba wa kubuni, mkazi wa Msanzi, Wilaya ya Kalambo. Analima ekari sita za mahindi na mbili za maharage. Bei na gharama nitakazotaja ni za mfano. Msomaji aweke za msimu wake, hesabu itakwenda vilevile. Kwa mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na mvua ikimkubali, ekari moja ya mahindi inampa magunia 12 ya kilo 100. Hayo ni magunia 72. Kwa shilingi 500 kilo, ni shilingi 3,600,000. Maharage yamempa magunia manne kwa ekari, jumla manane, na kwa 180,000 kila gunia tunapata 1,440,000. Mavuno ya mwaka mzima yana thamani ya shilingi 5,040,000.

Sasa tutoe alichotumia. Mbolea mifuko miwili kwa kila ekari ya mahindi, tuseme 70,000 mfuko kwa bei ya ruzuku, ni 840,000. Mbegu, 60,000 kwa ekari zote nane, 480,000. Kulimiwa kwa plau, 50,000 kwa ekari, 400,000. Vibarua wa palizi, 40,000 kwa ekari, 320,000. Kuvuna, kupukuchua, magunia matupu na usafiri, 5,000 kwa kila gunia, na magunia yako 80: shilingi 400,000. Jumla ni 2,440,000. Kinachobaki ni 2,600,000 kwa mwaka. Ukitaka kukisema kwa lugha ya mwezi, ni kama shilingi 216,700.

Huyu ndiye mtu aliyesimama akasema hana mshahara. Si tajiri. Lakini si mtu wa elfu ishirini.

Hesabu hiyo ina mitego, na mashauri mengi huharibikia humo. Mtego wa kwanza ni chakula. Baba atasema, "Nimeuza magunia hamsini tu, mengine tumekula." Ni kweli, ila mahindi yaliyoliwa nyumbani kwake ni kipato chake kama yale yaliyouzwa, kwani asingelima angeyanunua. Ukihesabu yaliyouzwa peke yake, mwenye ghala lililojaa ataonekana maskini kuliko kibarua wa mjini anayenunua unga kila siku. Kwa hiyo gunia lililoliwa liingie kwenye hesabu kwa bei ileile ya sokoni. Na gunia lililofichwa darini likisubiri bei ya Januari nalo liingie: magunia 40 yaliyomo ghalani mwezi Septemba, kwa bei yetu ya mfano, ni shilingi milioni 2 zilizolala, hata kama mfukoni mwenyewe hana senti.

Mtego wa pili ni gharama. Gharama inayotolewa ni ile iliyozalisha mavuno. Bati za nyumba mpya, pikipiki, michango ya harusi ya shemeji, vyote vina heshima yake, lakini havikupalilia mahindi. Kama ng'ombe wa kulimia ni wake mwenyewe, ile 400,000 ya plau haimtoki. Abaki na gharama ya dawa na matengenezo. Nguvu zake mwenyewe shambani hazitolewi kama gharama, kwani hizo ndizo zinazolipwa na faida. Na hao vibarua wa palizi waulizwe majina yao. Si mara moja wala mbili gharama ya palizi inapigiwa hesabu kubwa mahakamani, kumbe aliyepalilia msimu ule ni mama huyuhuyu anayedai matunzo, akiwa na mtoto mgongoni.

Mtego wa tatu ndio mzito, nao ni bei. Katika mfano wetu, mahindi yakishuka kutoka shilingi 500 hadi 350 kwa kilo, baba anapoteza 1,080,000. Kipato chake cha mwaka kinaporomoka kutoka milioni 2.6 hadi milioni 1.52, sawa na kama 126,700 kwa mwezi. Bei imeshuka kwa asilimia 30, kipato chake kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 40, kwa sababu mbolea na mbegu alishazinunua tangu Novemba kwa bei isiyojali soko la Julai. Wakulima wa Rukwa hawahitaji kufundishwa hili. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, bei ikaanguka, na waliokuwa wamekopa mbolea walijua maana yake.

Ndiyo sababu msimu mmoja hautoshi kumpima mkulima, uwe mzuri au mbaya. Mama akifungua shauri mwaka wa neema atapata amri ambayo baba hataiweza mwaka unaofuata. Akifungua mwaka wa njaa, mtoto atafungwa na njaa ile hadi akue. Mimi ningechukua misimu mitatu ya karibuni na kutafuta wastani. Sheria hailazimishi hivyo, ila haikatazi, na kwa shamba linalotegemea mvua ya msimu mmoja kwa mwaka sioni njia ya haki zaidi.

"Sawa," atasema msomaji, "lakini nani atathibitisha ekari sita? Baba atasema analima moja." Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kipato cha mkulima hakithibitiki. Tangu mpango wa sasa wa ruzuku ya mbolea ulipoanza msimu wa 2022/2023, mkulima anayeitaka lazima asajiliwe kijijini kwake, na usajili huo unataja ukubwa wa shamba na zao. Baba aliyejiandikisha ekari sita ili apate mifuko 12 hawezi kirahisi kuja mbele ya hakimu na ekari moja. Kama amedanganya, amedanganya sehemu mojawapo, na achague ni ipi. Akiwa amewauzia NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ambao wana kanda yao Sumbawanga, kuna kumbukumbu za mzigo na za malipo. Mazao yaliyosafirishwa yana risiti za ushuru wa halmashauri. Afisa ugani analijua shamba. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani ana mashine ya kupukuchua na nani anaikodi.

Halafu kuna simu. Siku hizi mnunuzi wa maharage anayetoka Sumbawanga mjini au Tunduma mara nyingi hulipa kwa simu, na taarifa ya miamala ya miezi 12 inaeleza mengi kuliko kiapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa. Mama hawezi kwenda kwa wakala kuomba miamala ya baba, na ni sawa asiweze. Lakini anaweza kuiomba mahakama imtake baba ailete mwenyewe. Akikataa, kukataa kwake nako kunasema kitu.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kutakiwa kufanya uchunguzi na kuandika taarifa ya hali ya familia. Taarifa nzuri ni ile ya mtu aliyefika kwenye boma. Taarifa inayosema "mlalamikiwa ni mkulima mdogo" na kuishia hapo haijamwambia hakimu kitu ambacho hakukijua. Nchini Kenya mahakama za watoto huwataka wazazi wajaze hati ya kiapo ya kipato na matumizi, kila mmoja ya kwake. Jambo hilo ndilo ningeliiga kabla ya asilimia za Wisconsin: fomu ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa ajili ya mkulima, inayouliza ekari, magunia, mifugo, deni, chakula kilichobaki ghalani na nani anaishi nyumbani. Wasaidizi wa kisheria vijijini wangeweza kusaidia kuijaza. Ingepunguza nusu ya mabishano, na nusu iliyobaki ingekuwa mabishano yenye kichwa na miguu.

Kifungu cha 44 kimetaja pia mali. Ufipa mali ya mwanamume huonekana kwa macho: maksai wa kulimia, plau, mkokoteni, nyumba ya matofali ya kuchoma, mashine ya kusaga. Mali haiwi kipato moja kwa moja. Huwezi kumwamuru mtu akate mguu wa ng'ombe kila mwezi. Lakini mali huonyesha kipato kinachoweza kupatikana. Jozi ya maksai ikimaliza shamba la mwenyewe inalimia majirani kwa kukodishwa. Mashine ya kusaga ina wateja. Na hapa hakimu awe macho na tarehe. Maksai waliouzwa kwa kaka wiki mbili baada ya wito wa mahakama, na bado wanalala zizi lilelile, hawajauzwa.

Vivyo hivyo kwa baba mwenye ekari nane na afya njema ambaye mwaka huu, ghafla, amelima moja. Sheria inazungumzia kupungua kwa uwezo wa kujipatia kipato, yaani ugonjwa, ajali, ulemavu, uzee. Uvivu wa makusudi haumo. Mahakama za Marekani humhesabia mtu wa aina hiyo kile ambacho angepata kama angefanya kazi yake ya kawaida, na naona maneno ya kifungu chetu yanaruhusu fikra hiyo. Ila itumiwe kwa mkono mwepesi. Kijana asiye na shamba, anayelima vibarua na kulala kwa mama yake, usimhesabie ekari za baba yake.

Bodaboda nao nitawagusa kwa kuwa vijana wengi wa Matai na Msanzi wako huko. Anayeendesha pikipiki ya mtu, toa hesabu anayompelekea tajiri, toa mafuta na matengenezo, kinachobaki ndicho chake. Anayeendesha kwa mkataba mpaka chombo kiwe chake, mambo yanabadilika: sehemu ya ile hesabu ananunulia pikipiki. Hiyo si gharama yote, ni akiba inayotembea kwa magurudumu mawili, na mtoto ana haki ya kuuliza kwa nini pikipiki ikamilike kwanza kabla yake.

Kwa mwajiriwa watu hudhani kazi ni nyepesi: leta hati ya mshahara, soma, amua. Tuisome basi. Mwalimu wa mfano ana mshahara wa 800,000. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, wa asilimia 5 ni 40,000. Kodi, kwa viwango vinavyoanza baada ya 270,000 za kwanza, ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15, 120,000. Chama cha walimu asilimia 2, 16,000. Kinabaki 532,000. Halafu kuna mstari wa mwisho, mkopo wa benki, tuseme 180,000. Anachokishika mkononi ni 352,000, na hicho ndicho atakachomwonyesha hakimu.

Nani alimkata ile 180,000? Kodi, mfuko wa jamii na bodi ya mikopo ni makato ya kisheria, hivyo ni haki yaondolewe. Mkopo wa benki aliuomba mwenyewe. Kama ulijenga nyumba ambamo watoto wanalala, uhesabiwe kwa upole. Kama ulinunua kiwanja au mashine iliyobaki mikononi mwake, baba hajapungukiwa, amehamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na matunzo yakikokotolewa kwa ile 352,000 ni mtoto anayelipa rejesho. Kwa hiyo mimi ningeanzia 532,000. Kuna shida ya utekelezaji, najua: utumishi wa umma unataka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi, na aliyejaza makato hadi ukingoni anamwacha mwajiri bila nafasi ya kukata kitu kingine. Ndipo unaporudi kwenye mali.

Na Ufipa hati ya mshahara haisemi yote. Mwalimu, muuguzi, mtendaji wa kata, wengi wana mashamba, wengine makubwa kuliko ya wanakijiji wanaowahudumia, kwa sababu mshahara ndio ulionunua mbolea. Mtumishi mwenye ekari kumi za alizeti afanyiwe hesabu mbili, ya hati na ya shamba. Sijui kwa nini jambo linaloonekana na kila apitaye barabarani linasahaulika likifika kwenye jalada.

Tuje kwa mama. Sheria imesema wazazi wote wawili, na wapo wanaume wanaolitumia neno hilo kama ngao: "Na yeye anauza kimpumu, mbona hamumuulizi?" Aulizwe. Pombe hiyo ya kienyeji, dagaa wa gulioni, shamba la kwao, vyote viandikwe. Tuseme tumepata shilingi 60,000 kwa mwezi. Njia inayotumiwa na majimbo mengi ya Marekani inaingia hapa vizuri bila kuhitaji jedwali lao: jumlisha kipato cha wazazi wote, 216,700 na 60,000, upate 276,700. Baba ana asilimia 78 ya jumla hiyo. Mahitaji ya watoto wawili kwa mwezi yakikubalika kuwa 100,000, fungu la baba ni 78,000.

Mahitaji hayo yaorodheshwe kweli. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa mahindi na maharage ya chakula cha shuleni havikuondolewa. Matibabu yapo. Mafuta ya kupaka, sabuni, sweta, maana baridi ya Ufipa mwezi Juni haina mzaha.

Fungu la mama, asilimia 22, nani ataliona? Halitoki kama noti. Linatoka kama kuni, maji, kupika, kuamka usiku, siku ya kibarua iliyopotea zahanati. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya wanandoa. Shauri lile lilihusu mgawanyo wa mali, si matunzo. Lakini kama kupika na kufua kulihesabika kujenga nyumba, sioni kwa nini kusihesabike kumlea mtoto. Mama anayeishi na watoto, kwa maoni yangu, ameshalipa sehemu kubwa ya fungu lake kabla kalamu haijaanza kuandika.

Kuna mahali sheria zetu mbili zinavutana. Sheria ya Mtoto inatazama gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Sheria ya Ndoa inatazama uwezo na hadhi ya baba. Baba akiwa mfanyabiashara Dar es Salaam na mtoto yuko Msanzi kwa bibi yake, baba atasema maisha ya kijijini ni rahisi, elfu thelathini inatosha. Kwa unga, huenda. Lakini gharama ya mahali ni kigezo kimoja kati ya vitano, na hakiwezi kumeza vingine. Mtoto huyo ana haki ya sehemu ya hali ya baba yake: shule bora kama wenzake walio na baba Dar wanaipata, bima ya afya, nauli ya likizo. Kwa upande wa pili, mama akihamia mjini Sumbawanga kupanga chumba, kodi ya chumba isisahaulike eti kwa kuwa baba yuko kijijini na nyumba yake haina kodi.

Watoto wengine wa baba nao wanahesabiwa, na ni haki. Wahesabiwe kwa majina na umri, na isiwe kwamba wa nyumba ndogo wanawapunguzia wa nyumba kubwa huku hakuna anayepunguza pombe.

Sasa ile 78,000 inalipwaje? Mahakama ikiandika "kila tarehe 5 ya mwezi", imeandika amri ya mtu mwenye mshahara. Mkulima wetu ataitimiza Julai, Agosti na Septemba. Kuanzia Novemba fedha inaingia ardhini, na kati ya Januari na Machi hata nyumba nzuri zinakopa debe. Madeni yatarundikana, atakamatiwa ng'ombe, watu watasema hana utu. Kifungu cha 129 kimeruhusu chakula kitolewe chenyewe au gharama yake ilipwe, basi amri ifuate mwaka wa shamba. Shilingi 78,000 kwa miezi 12 ni 936,000. Magunia manne ya mahindi, kwa bei yetu ya 500, ni 200,000. Gunia moja la maharage, 180,000. Vyote vifike kabla ya Julai 31. Fedha taslimu 316,000 kabla ya Agosti 31, wakati wanunuzi wapo. Kinachobaki, 240,000, kigawanywe elfu ishirini kila mwezi, kiasi ambacho hata Februari kuku wawili wanaweza kukiokoa. Jumla ni ileile, 936,000, ila sasa inalipika.

Bei ikianguka kama mwaka ule wa 2017, au mvua ikikata, Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kubadili amri pale mazingira yanapobadilika, au ikibainika ilijengwa juu ya maelezo ya uongo. Milango yote miwili iko wazi: baba aliyepata hasara aombe kupunguziwa badala ya kukimbilia mgodini, na mama aliyegundua ekari nyingine nne ng'ambo ya bonde aombe kuongezewa. Magunia yana faida hapo, maana gunia hubaki kuwa chakula kilekile bei ikipanda au ikishuka.

Ila amri itaje gunia la kilo 100 lililopimwa kwenye mizani, mahindi makavu, yaliyopukuchuliwa, na kwamba baba ndiye anayeyafikisha nyumbani kwa mama kwa gharama yake, mtendaji wa kijiji akishuhudia kwa sahihi. Yasipoandikwa hayo, Agosti mtarudi mbele ya hakimu huyohuyo kubishania kodi ya mkokoteni.